Livingstone yupi? Mwongozo kamili wa kufuatilia asili, maana na idadi ya watu wenye jina la ukoo la Kiskoti

Ukienda Serengeti ukaonyeshwa swala granti na swala tomi, umetajiwa majina mawili ya ukoo kutoka Uskoti. Granti ni James Augustus Grant, mzaliwa wa Nairn, aliyepita Tabora na Karagwe pamoja na Speke katika safari yao ya 1860 hadi 1863. Tomi ni Joseph Thomson, kijana wa Penpont aliyekatiza nchi ya Wamasai mwaka 1883. Lakini jina la Kiskoti lililotuingia zaidi ni Livingstone. Lipo kwenye milima iliyo kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, lipo kwenye nyumba Zanzibar na mnara Bagamoyo, na lipo kwa mababu na wajomba zetu waliobatizwa nalo. Utotoni mimi nilidhani ni jina la kanisani tu, kama Petro au Yohana.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kulichunguza jina la ukoo la Kiskoti tangu mzizi hadi hesabu ya watu. Nimechagua Livingstone kwa sababu linafundisha kosa moja ambalo wengi hulifanya: kuamini kwamba wote wanaoandika jina kwa herufi zilezile wametoka kwa babu mmoja. Livingstone ni kanzu moja iliyovaliwa na koo mbili zisizohusiana, na ukienda na njia isiyo yako utaishia kwenye makaburi ya watu wengine.

Hatua ya 1: Kusanya tahajia zote kabla ya kutafuta chochote

Uskoti ya zamani haikuwa na tahajia moja rasmi ya jina. Karani wa kanisa aliandika alivyosikia, na mwenye jina mara nyingi hakujua kusoma ili amsahihishe. Kwa hiyo chukua karatasi uorodheshe: Livingston, Livingstone, Livingstoun, Levingston, Levingstoun. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa mmoja ana *e* mwishoni na mwingine hana. Hata David Livingstone, yule aliyefia kwa Chitambo mwaka 1873, alipokuwa kijana aliandika Livingston. Ile *e* ilirudishwa katikati ya miaka ya 1850 kwa matakwa ya baba yake.

Kwenye fahirisi za mtandaoni tumia alama ya nyota badala ya herufi zinazobadilika. Ukiandika *L\*vingst\*n\** utawapata karibu wote kwa mara moja. Karatasi hiyo usiitupe, maana kuna tahajia za ajabu zaidi zinazokungoja katika Hatua ya 4.

Hatua ya 2: Jua jina ni la aina gani

Majina ya ukoo ya Kiskoti yana mikondo minne mikubwa, na kila mkondo una njia yake ya kufuatiliwa.

Wa kwanza ni majina ya baba. *Mac* kwa Kigaeli, lugha ya kale ya kaskazini na magharibi mwa Uskoti, ni "mwana", sawasawa na *bin* yetu: MacDonald ni mwana wa Dòmhnall. Thomson ni mwana wa Thomas. Wa pili ni kazi na cheo: Smith ni mhunzi, Stewart ni msimamizi wa nyumba ya bwana, MacIntyre ni mwana wa seremala, MacTaggart ni mwana wa kasisi. Wa tatu ni sifa ya mwili, na hapa Wagaeli walisema walichokiona: Cameron hufasiriwa "pua iliyopinda" na Campbell "mdomo uliopinda". Wa nne ni mahali. Mtu alimiliki ardhi au alihama kutoka kijiji fulani, akaitwa kwa kijiji hicho.

Ukishajua mkondo, unajua pia ukubwa wa hatari. Wahunzi walikuwa kila kijiji, kwa hiyo Smith wawili hawana sababu yoyote ya kuwa ndugu. Jina la mahali padogo linaelekea zaidi kuwa na chimbuko moja. Linaelekea tu, kwa sababu Livingstone linatuonyesha kinyume chake.

Hatua ya 3: Tafuta maana kwenye hati, usiitafute masikioni

Wakristo wengi wa kwetu wamelisikia jina hili wakakumbuka Waraka wa Kwanza wa Petro, pale waumini wanapofananishwa na mawe yaliyo hai. Nimewahi kusikia tafsiri hiyo kwenye mahubiri, na ni nzuri, lakini jina halikuanzia huko.

Livingston ni mji ulio magharibi mwa Edinburgh, katika West Lothian. Mwanzoni mwa karne ya 12 ardhi hiyo ilishikwa na mtu aliyeitwa Leving, na hati za Kilatini zinapaita *Villa Leving*, yaani makazi ya Leving. Katika utawala wa Mfalme David wa Kwanza (1124 hadi 1153), Thurstan mwana wa Leving aliwapa watawa wa Holyrood, pale Edinburgh, kanisa la makazi hayo. Mwisho wa jina ni *tun*, neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya shamba lililozungushiwa ua, na baadaye kijiji. Hakuna jiwe humo. Leving lenyewe linatokana na *leof*, "mpendwa". Kwa hiyo maana kamili ni makazi ya Leving, na ndani yake kabisa limekaa neno mpendwa.

Hii ndiyo kanuni ya kazi: tafuta umbo la jina la zamani kuliko yote lililoandikwa, kisha lifasiri hilo. Umbo la leo limepita kwenye midomo ya watu kwa miaka 800 na limechakaa. Kitabu cha kuanzia ni *The Surnames of Scotland* cha George F. Black, kilichotolewa na Maktaba ya Umma ya New York mwaka 1946. Kwa kila jina kinaorodhesha maumbo ya kale pamoja na miaka yake. Kiko kwenye maktaba nyingi kubwa.

Ukoo wa Livingston wa West Lothian ulipanda sana. Sir Alexander Livingston wa Callendar alimshika mikononi mfalme mtoto, James wa Pili, katika karne ya 15. Mary Livingston alikuwa mmoja wa wale Mary wanne waliomhudumia Malkia Mary wa Waskoti. Halafu wakaanguka: mkuu wao aliunga mkono uasi wa 1715, akanyang'anywa vyeo na mashamba. Tawi jingine lilikuwa limeshavuka bahari. Robert Livingston, mzaliwa wa Ancrum mwaka 1654, alipata ardhi kubwa mno New York. Mjukuu wake Philip alitia sahihi Azimio la Uhuru wa Marekani mwaka 1776. Kumbuka tawi hili, tutalihitaji tukifika kwenye takwimu.

Hatua ya 4: Uliza kama kuna mzizi wa pili

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo wote.

Safiri kwa ramani kutoka West Lothian hadi pwani ya magharibi, kwenye wilaya ya Argyll, ukatafute kisiwa chembamba kiitwacho Lismore. Huko kuna ukoo wa Livingstone ambao kwa Kigaeli haukuwahi kuitwa hivyo. Jina lao ni MacLeay, na hufasiriwa kwa njia mbili. Moja ni *Mac an Lèigh*, mwana wa tabibu. Nyingine ni *Mac Dhuinnshlèibhe*, mwana wa Donn Slèibhe, jina la kale la mtu ambalo ndani yake mna neno *sliabh*, mlima.

Ukoo huu ni walinzi wa fimbo. Fimbo yenyewe, *Bachuil Mòr*, ni ya Mtakatifu Moluag, mtawa kutoka Ireland aliyefanya makao Lismore na kufariki mwaka 592. Haina urembo wa kumshangaza mtu. Ni mti mtupu, mfupi kuliko mita moja, umepinda kichwani kama bakora ya mchungaji. Zamani ulivikwa shaba iliyopakwa dhahabu. Leo kilichobaki ni vipande vidogo vya shaba na alama za misumari. Hati ya mwaka 1544 inathibitisha haki ya walinzi wake kukaa kwenye shamba lao kwa kazi hiyo ya kuilinda. Mlinzi anayetajwa humo ana jina la Kigaeli la mwana wa fulani, mwana wa fulani. Neno Livingstone halimo.

Basi lilitoka wapi? Liliazimwa. Wagaeli wengi, walipolazimika kushughulika na makarani, makabaila na mahakama zilizoandika kwa lugha ya kusini, walichukua jina la kusini lililokuwa na heshima na kulivaa juu ya lao. Nyumbani waliendelea kuwa MacLeay. Mbele ya karani walikuwa Livingstone. Wengine walibadili jina kwa shinikizo kubwa zaidi. Jina la MacGregor lilipigwa marufuku na mfalme mwaka 1603, na watu wake wakajificha chini ya majina ya majirani hadi marufuku ilipofutwa moja kwa moja mwaka 1774.

David Livingstone ni wa upande huu wa magharibi. Yeye mwenyewe aliandika kwamba babu wa baba yake alianguka kwenye vita vya Culloden (1746), na kwamba babu yake alikuwa mkulima mdogo kisiwani Ulva kabla ya kuhamia kwenye viwanda vya pamba vya Blantyre. Kwa hiyo mtu anayemtafsiri msafiri huyu kuwa "wa makazi ya Leving" amelifasiri jina la karani. Jina la mababu wa David linatuelekeza kwa tabibu au kwa Donn Slèibhe.

Sasa rudi kwenye karatasi yako ya Hatua ya 1 uongeze MacLeay, MacLea, McLay na McClay. Ukifika karne ya 18 na jina Livingstone likakatika ghafla huko Argyll, huenda familia haikuhama wala kufa. Huenda ukurasa unaofuata wanaitwa McLea.

Hatua ya 5: Panda rejesta kutoka leo kwenda nyuma

Anza na mtu unayemjua, urudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Usianze na shujaa wa karne ya 12 ukajaribu kumshusha hadi kwako.

Rejesta za Uskoti zimewekwa kwenye tovuti ya serikali iitwayo ScotlandsPeople, inayosimamiwa na Idara ya Kumbukumbu za Taifa ya Uskoti. Kutafuta kwenye fahirisi ni bure ukishajiandikisha. Kufungua picha ya ukurasa unalipia. Usajili wa kiserikali ulianza tarehe 1 Januari 1855, na hapo Uskoti iliwashinda wengi kwa ukarimu wa taarifa. Ingizo la kifo lina jina la baba na kazi yake, na jina la mama pamoja na ukoo wake wa kuzaliwa. Ingizo la ndoa lina wazazi wa pande zote mbili. Kwa karatasi moja ya kifo cha mwaka 1860 ya mzee wa miaka 80, unaruka hadi wazazi waliokuwa hai katika karne ya 18. Picha za watu wa karibuni hazifunguliwi mtandaoni: kuzaliwa miaka 100, ndoa miaka 75, kifo miaka 50.

Mwanamke wa Kiskoti hakulipoteza jina la kwao. Utamkuta kwenye rejesta na hata kwenye jiwe la kaburi kwa jina la babaye, ameolewa miaka 50. Hili huokoa utafiti mara nyingi.

Kabla ya 1855 unategemea vitabu vya parokia vya Kanisa la Uskoti, na hapo kuna mapengo yenye sababu zake. Kati ya 1783 na 1794 kila ingizo lilitozwa kodi ya peni 3, na maskini wengi wakaacha kuandikisha watoto. Mwaka 1843 kanisa liligawanyika na sehemu kubwa ya waumini wakaunda Kanisa Huru, hivyo watoto wao hawamo katika vitabu vya kanisa la zamani. Usipomkuta mtu, angalia kwanza mwaka.

Desturi ya kupeana majina nayo ni ngazi. Kwa kawaida mtoto wa kwanza wa kiume aliitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Binti wa kwanza aliitwa bibi mzaa mama. Msomaji wa Kikuyu atatabasamu hapa, kwa kuwa kwa wavulana utaratibu ni uleule wa kwao. Ukiwa na orodha ya watoto kwa mfuatano, unaweza kukisia majina ya mababu kisha ukayathibitisha. Kukisia peke yake hakutoshi.

Hatua ya 6: Tumia sensa kutenganisha koo mbili

Sensa za Uskoti zenye majina zilizo wazi kusomwa ni za kila miaka 10, kuanzia 1841 hadi 1921. Kwa jina lenye mizizi miwili, ninayoipenda ni ya 1891. Fungua ukurasa wake utazame safuwima za kulia: ipo inayouliza lugha, na ndani yake karani ameandika *Gaelic* kwa anayezungumza Kigaeli peke yake au *G. & E.* kwa anayezungumza Kigaeli na Kiingereza. Safuwima nyingine inaonyesha mahali pa kuzaliwa.

Soma mstari hadi mwisho. Livingstone anayeishi Glasgow, aliyezaliwa Argyll, mwenye *G. & E.*, karibu hakika ni mtu wa MacLeay. Livingston aliyezaliwa Linlithgow, mji wa West Lothian, na safuwima yake ya lugha tupu, mtafute upande wa Leving. Herufi mbili za wino zinafanya kazi ambayo jina lenyewe haliwezi.

Hatua ya 7: Hesabu watu

Idadi tupu haisemi kitu hadi uigawe. Chukua sensa ya 1881, ambayo fahirisi yake yote ilinakiliwa na wanaojitolea. Uskoti mwaka huo ilikuwa na watu 3,735,573. Tuseme utafutaji wako wa tahajia zote umekupa watu 2,400 (namba hii ni ya kujifunzia hesabu tu, ya kwako uitafute). Gawanya 2,400 kwa 3,735,573, zidisha kwa 10,000: unapata 6.4 kwa kila watu 10,000.

Kisha fanya hivyo kwa wilaya moja. Argyll ilikuwa na watu wapatao 76,000. Kama umekuta 300 huko, ni 39 kwa kila 10,000, yaani mara sita ya wastani wa nchi. Uwiano huo ndio unaokuonyesha kitovu cha jina. Mtu anayetazama namba tupu ataona Glasgow inaongoza akadhani jina limezaliwa Glasgow, ilhali Glasgow iliongoza kwa karibu kila jina kwa sababu watu walikuja kutafuta kazi viwandani. Rudia hesabu kwa kila wilaya, na ukiona vitovu viwili vilivyo mbali, shuku mizizi miwili.

Tenganisha pia jina la mtu na jina la mahali. Livingston ilitangazwa mji mpya mwaka 1962 ili kupunguza msongamano wa Glasgow, na leo ina watu zaidi ya 50,000. Ukitafuta neno hilo bila kuchagua kisanduku cha jina la ukoo, utajaziwa kurasa za mji.

Hatua ya 8: Soma takwimu za leo kwa tahadhari

Kwa Marekani, Ofisi ya Sensa hutoa orodha rasmi ya majina ya ukoo yenye watu 100 au zaidi. Ya mwaka 2010 ina majina 162,253. Livingston na Livingstone yamehesabiwa mbalimbali, kwa hiyo yajumlishe mwenyewe. Orodha hiyo huonyesha pia asilimia kwa rangi, na hapo inatakiwa kusoma kwa moyo wa heshima. Familia ya Livingston ya New York ilimiliki watumwa na kuwekeza katika safari za kuwasafirisha. Waafrika walioachiwa huru mara nyingi walibaki na jina la bwana. Mmarekani mweusi mwenye jina hili ana haki nalo kamili, lakini njia ya mababu zake haipiti Lismore wala West Lothian. Inapita kwenye hati za mashamba na wosia.

Tovuti za kukadiria idadi duniani, kama Forebears, zinasaidia kupata picha ya haraka. Chukulia namba zake kuwa makadirio. Na ukifika kwenye safu za Tanzania, Kenya na Uganda, simama kabisa, kwa sababu ya hatua inayofuata.

Hatua ya 9: Ikiwa Livingstone ni wa kwenu

Kwetu Livingstone ni jina la mtu, siyo la ukoo. Babu alibatizwa nalo. Mwanawe akaandika jina lake, kisha la baba: Fulani Livingstone. Mjukuu akalikuta kwenye nafasi ya tatu ya fomu, pale panapoandikwa "jina la ukoo". Kompyuta ya takwimu ikahesabu Livingstone mwingine wa Kiskoti. Hivyo ndivyo jina linavyoonekana kuwa na ukoo mkubwa Afrika Mashariki, wakati kila babu alianza wake peke yake.

Kwa hiyo vipimo vya vinasaba na vitambaa vya mistari ya koo za Kiskoti havitakusaidia. Kitakachokusaidia ni kitabu cha ubatizo. Tafuta kwanza babu alibatizwa katika kanisa gani na mwaka gani. Misheni ya Kiskoti nchini Kenya ilikuwa Kikuyu, Tumutumu na Chogoria, lakini jina hili lilipendwa pia na Waanglikana na wengine, hivyo usifunge mlango mmoja. Nenda usharikani siku za kazi, siyo Jumapili, ukiwa na majina ya babu ya nyumbani, jina la baba yake, kijiji, na mwaka wa kukisia. Mwombe katibu akuonyeshe mstari mzima. Karibu na jina jipya huandikwa jina la zamani, wazazi, mchungaji aliyebatiza na wadhamini. Piga picha ukiruhusiwa, au nakili kwa mkono neno kwa neno, hata lililokosewa.

Jina lile la zamani, lililo upande wa kushoto wa Livingstone kwenye mstari huo, ndilo la kuanza nalo safari yako.